Kumtafuta Mjomba: Jalada, Sauti na Swali Lisilojibiwa katika Riwaya ya Afterlives ya Abdulrazak Gurnah

Makala haya yanahakiki uzi mmoja tu wa riwaya ya Afterlives (2020): msako wa Ilyas, kijana wa pwani aliyejiunga kwa hiari na jeshi la Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaondoka na asirudi, hadi mpwa wake alipoyakuta mabaki ya maisha yake katika nyaraka za Ujerumani Magharibi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sura inayofumbua fumbo hilo ni fupi, na ufupi huo umelalamikiwa. Baada ya kurasa nyingi za subira, msomaji hupewa maisha ya Ilyas ya miaka ishirini na zaidi kwa mwendo wa taarifa, kana kwamba mwandishi amechoka. Hoja yetu ni kwamba mwandishi hakuchoka. Nyaraka hujibu swali la nini kilimpata mtu. Hazijibu swali la kwa nini aliwaacha walio wake, na nyumbani kwa Afiya swali lililodumu ni hilo la pili. Usimulizi wa sura ya mwisho unakuwa mkavu kwa sababu jalada lenyewe ni kavu. Hata hivyo ipo nukta moja ambapo riwaya inatoa faraja isiyotokana na jalada, na hiyo tutaijadili kwa tahadhari.

Tuanze na uhusiano wenyewe, kwa kuwa wahakiki wengi huupita haraka. Anayetafutwa si babu wala baba, ni mjomba. Nasaba za pwani zilizoandikwa, kuanzia Habari za Pate hadi shajara zinazohifadhiwa majumbani katika masanduku, kwa kawaida hupanda juu: fulani bin fulani bin fulani, mpaka zifike Shiraz, Hadhramaut au Oman. Hupanda kwa upande wa baba, na mara nyingi kazi yake ni kuthibitisha daraja la anayezisoma. Mtu anayemtafuta mjomba hapandi ngazi hiyo. Anaenda ubavuni, upande wa mama, na mwisho wa njia hapati cheo wala haki ya kudai chochote. Anachokipata ni habari tu. Gurnah anaikaza hali hii zaidi kwa kuwanyima ndugu wawili hawa nasaba yoyote ya kutaja. Ilyas alichukuliwa na askari angali mtoto na akasomeshwa misheni. Aliporudi kijijini, akiwa amesukumwa na rafiki yake Khalifa, alikuta wazazi wamekwisha kufa na dada yake mdogo, Afiya, akiishi kwa watu kama mtumishi asiye na ujira. Ndugu hawa hawana mzizi mwingine ila wao kwa wao.

Kwa hiyo msako wa kwanza katika riwaya ni wa Ilyas mwenyewe, na ulifanikiwa. Alikwenda kwa miguu yake, akauliza, akaonyeshwa nyumba. Hakuhitaji karatasi, kwa sababu waliomjua Afiya walikuwa bado hai na bado mahali pale pale. Msomaji anayeufananisha msako huo na ule wa mwisho ataona ni umbali gani vita vimeuweka kati ya watu na habari zao. Ataona pia jambo lingine ambalo ni chungu zaidi: aliyejua namna ya kutafuta ndiye aliyekuja kupotea, na alipotea kwa hiari yake. Khalifa alimkanya. Afiya alirudishwa kwa watu wale wale aliokuwa ameokolewa kwao.

Kabla ya kuondoka, Ilyas alikuwa amemfundisha dada yake kusoma na kuandika. Elimu hiyo ndiyo iliyomponza, kwa kuwa mlezi wake alimpiga hadi kumvunja mkono kwa kosa la kujua kuandika. Lakini ndiyo pia iliyomwokoa. Alimwandikia Khalifa kikaratasi cha maneno machache, naye akaja kumchukua. Tunakitaja kikaratasi hiki kwa makusudi. Ndicho waraka mfupi kuliko zote katika riwaya, na ni waraka ulioandikwa na anayehitaji, ukasomwa kwa wakati na anayejali. Nyaraka zote zitakazofuata, za Berlin na za kwingineko, zina wino mwingi zaidi na hazina sifa hata moja kati ya hizo.

Baada ya hapo kuna miaka ya kungoja. Afiya anaolewa na Hamza, ambaye naye alikuwa askari na akarudi na jeraha, na mtoto wao anapewa jina la mjomba aliyepotea. Kumpa mtoto jina la aliyeondoka ni desturi ya kawaida pwani, lakini desturi hiyo humhusu marehemu au mzee anayeheshimiwa. Hapa anapewa jina la mtu ambaye haijulikani kama ni hai au ni maiti. Mtoto anabebeshwa jina ambalo bado lina mwenyewe. Si ajabu basi kwamba jina hilo linamwelemea: anaanza kusumbuliwa na sauti inayomtafuta Ilyas, mpaka inabidi aitwe shekhiya.

Tukio la shekhiya limekuwa likisomwa kama rangi ya utamaduni, au kama dalili ya kiwewe cha vita kilichorithishwa. Usomaji wa pili una nguvu, lakini wote wawili hauoni kazi ya tukio hilo katika muundo wa msako. Katika nyumba ambayo watu wazima wamejifunza kutouliza kwa sauti, kinywa cha mtoto kinauliza kwa niaba yao. Anayejua ngoma za kupunga anajua kwamba pepo hafukuzwi kwanza; huulizwa jina lake na anachokitaka. Utaratibu huo ni wa kuhoji, na kwa maana hiyo haupishani sana na kazi ya mtafiti wa nyaraka. Gurnah hatuambii kama sauti ile ni ya pepo au ni ya mama yake mtoto iliyopenya kwa mlango mwingine, na hafai kulazimishwa aseme. Linaloonekana ni kwamba kando ya sauti hiyo ipo barua: Hamza anamwandikia mke wa mchungaji Mjerumani aliyemuuguza zamani, na kupitia njia hiyo zinapatikana habari za kwanza kwamba Ilyas yuko Ujerumani. Njia ya kienyeji na njia ya posta zinakwenda pamoja, na riwaya haiichekeshi hata moja.

Mpwa anapofika Bonn kwa masomo ya utangazaji, anapata lile ambalo barua haikuweza kulipata. Ilyas amekuwa Elias Essen, mwimbaji. Amevaa tena sare ya askari na kuandamana na wale waliotaka Ujerumani irudishiwe makoloni. Amehusiana na mwanamke Mjerumani, jambo ambalo sheria za ubaguzi za Wanazi zilikuwa zimelifanya kosa, na amepelekwa kambi ya Sachsenhausen. Kila sentensi ya habari hii inatokana na ofisi fulani.

Jina lenyewe linastahili kusimamiwa kidogo, kwa sababu hapo ndipo watafiti halisi wa nasaba za pwani hukwama. Mtu wa pwani hakuwa na jina la ukoo kwa maana ya Kizungu. Alikuwa na jina lake, kisha bin, kisha jina la baba. Karani wa Ulaya alihitaji neno moja la mwisho la kupanga kwenye kabati, na neno la mwisho lililosikika ndilo likafanywa ukoo, tena kwa tahajia ya sikio la Kijerumani. Hassan anageuka Essen. Atafutaye Ilyas bin Hassan katika orodha hatamwona, ingawa yumo.

Historia ina mtu wa kufanana naye. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, akatumikia jeshi hilo hilo la Wajerumani angali mdogo, na mwaka 1929 akafika Berlin, ambako anajulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alidai malipo ya utumishi wake, akafanya kazi ya kuhudumia wateja mezani, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni, akaigiza katika filamu za kikoloni ikiwamo Carl Peters ya mwaka 1941. Mwaka huo huo alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani. Alifariki Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Wasifu wake ulioandikwa na Marianne Bechhaus-Gerst ulitoka mwaka 2007, na mwaka huo jiwe dogo la kumbukumbu likawekwa Berlin mbele ya nyumba alimowahi kuishi. Hatudai kwamba Ilyas ni Husen. Mhusika wa kubuni ana dada, na dada huyo ndiye moyo wa kitabu. Ila mfanano unatusaidia kuuliza kwa nini mtu kama huyu aliweza kupatikana. Alipatikana kwa sababu dola ilimtumia, ilimlipa au ilikataa kumlipa, ilimpiga picha, kisha ikamshitaki. Laiti angeishi kwa amani, angeacha karatasi chache zaidi.

Ukweli huo una upande wake mwingine, na riwaya inauacha bila kuutangaza. Katika vita hivyo hivyo upande wa Waingereza pekee ulikusanya wapagazi waliokaribia au kupita milioni moja, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam na Nairobi, imebaki na jina la kikosi chao. Majina ya wengi wao hayakubaki popote ambapo mpwa angeweza kwenda kuyasoma. Askari anaweza kutafutwa, mpagazi ni vigumu, na mwanamke aliyebaki nyumbani hana jalada kabisa. Hakuna ofisi ya Bonn wala ya Berlin yenye faili la Afiya.

Ulinganisho unaotajwa mara nyingi katika mjadala wa riwaya za ukoo ni Roots ya Alex Haley (1976). Haley aliuhitimisha msako wake katika kijiji cha Juffure, Gambia, kwa simulizi ya mzee mmoja iliyolitaja jina alilokuwa akilitafuta. Mwaka 1981 mwanahistoria Donald R. Wright alionyesha jinsi simulizi hiyo isivyoweza kubeba uzito iliotwishwa. Hatukusudii kurudia kesi hiyo. Tunachokiona ni kwamba Haley aliwataka wazee watoe uhakika wa aina ya jalada, ilhali Gurnah anakataa kosa hilo na, karibu hadi mwisho, anakataa pia lile la kinyume chake: kulitaka jalada litoe upendo.

Tunasema karibu, kwa sababu ya Paul. Mpwa anawasimulia wazazi wake kwamba Ilyas alikuwa na mtoto wa kiume wa jina hilo, ambaye alimfuata baba yake kambini kwa hiari, na kwamba kutokana na hilo wanaweza angalau kujua kuwa yupo aliyempenda Ilyas kiasi cha kufa pamoja naye. Orodha ya kambi huandika jina na tarehe. Haiandiki kwa nini mtu aliingia, sembuse upendo. Maana hiyo imetiwa na mtangazaji wa redio anayejua kumalizia habari, na imetiwa kwa ajili ya msikilizaji mmoja. Mtu aliyemwacha dada yake anapewa mwana asiyemwacha. Usawa huo ni mzuri mno, na mhakiki ana haki ya kuutilia shaka: hapa fumbo linafungwa kwa hisani ya mwandishi. Kinachoiokoa riwaya ni kwamba maneno hayo hayasemwi na msimulizi mkuu. Yanasemwa na mtoto kwa mama aliyemngoja kaka yake tangu alipokuwa msichana mdogo, na katika mazingira hayo ni maneno ya tanzia, si ya utafiti. Hamza na Afiya wanayasikiliza. Jibu la Afiya halikuandikwa.