Wambui Otieno na Kizuizi cha Lamu

Wengi wetu hapa Pickering tunamkumbuka marehemu Wambui Waiyaki Otieno kwa kesi ya mazishi ya mumewe, mwaka 1987. Tumekisoma upya kitabu chake, Mau Mau's Daughter (1998), nasi twaona uzito wake uko kwingine: Lamu.

Kati ya 1788 na 1868 Waingereza walisafirisha wafungwa wanawake wapatao 25,000 hadi Australia. Hao angalau walihukumiwa na mahakama. Wambui aliwekwa kizuizini Lamu mwaka 1960 bila kesi, ilhali Hali ya Hatari ilikuwa imeondolewa Januari mwaka huo huo. Baba wa babu yake, Waiyaki wa Hinga, alifia Kibwezi mwaka 1892 akipelekwa pwani kwa nguvu. Kitukuu ndiye aliyefikishwa.

Anaeleza kwamba huko Lamu alibakwa na afisa Mwingereza, akapata mimba. Aliyaandika hayo kwa jina lake mwenyewe, katika jamii inayomwambia mwanamke afiche aibu asiyoitenda yeye. Hapo ndipo kitabu kinapotushinda kukiweka chini.

Kasoro? Tungependa Lamu ipewe kurasa nyingi zaidi, na kesi ya mazishi zipungue.

Sisi wenye asili ya pwani huisifu Lamu kwa maulidi yake. Mabinti zetu wakituuliza kuhusu sura hii, tusiwajibu kwamba hayo yamepita.