Kitanda Hakizai Haramu: Juu ya Nasaba za Mashujaa

Jioni moja ya mwaka 2017 nilikuwa mjini Same, nikingoja gari la kupanda Mamba Miamba, nikajistiri upepo ndani ya banda la video kando ya barabara kuu. Vijana sita au saba walikuwa wakibishana kwa sauti. Nilidhani ni habari ya mpira. Kumbe ubishi ulikuwa juu ya nasaba: Jon Snow ni mwana wa nani?

Wasomaji wa jarida hili ambao hawakuifuata tamthilia ya Game of Thrones wataniwia radhi nikieleza kwa ufupi. Tamthilia hiyo ilioneshwa kuanzia mwaka 2011 hadi 2019, nayo ilitokana na riwaya za Mmarekani George R.R. Martin, ambazo ya kwanza ilitoka mwaka 1996. Ndani yake yumo kijana aliyelelewa katika nyumba ya Eddard Stark, mtawala wa kaskazini. Eddard alirudi na mtoto huyo kutoka vitani, akasema ni wake, na jina la mama hakulitaja. Mkewe hakumpenda mtoto. Jina lenyewe la Snow, yaani theluji, ni jina wapewalo huko kaskazini watoto wa watu wakubwa waliozaliwa nje ya ndoa.

Tangu miaka ya mwanzo wasomaji walikataa kauli ya Eddard. Walisema mama wa kijana ni Lyanna, dada yake Eddard, na baba ni Rhaegar, mwana wa mfalme aliyepinduliwa. Kwa hiyo mtoto anayedharauliwa ndiye mwenye haki ya kiti. Dhana hiyo ilienea miaka mingi kabla ya kuthibitishwa katika tamthilia, mwaka 2016 kuhusu mama na mwaka 2017 kuhusu baba na ndoa yao. Inajulikana pia kwamba David Benioff na D.B. Weiss walipomwendea Martin kumwomba ruhusa ya kuitengeneza tamthilia, aliwauliza mama yake Jon Snow ni nani. Walijibu walivyodhani, wakapewa kazi.

Nataka kuichukulia dhana hii kwa uzito, maana ni kazi ya uhakiki iliyofanywa na watu wasioitwa wahakiki. Haikuanguka kutoka hewani. Walitazama ahadi ambayo Lyanna alimtaka kaka yake aiweke akiwa kitandani pa mauti. Walitazama mawaridi ya buluu yanayorudi katika kumbukumbu na ndoto za Eddard. Walijiuliza pia kwa nini mtu anayesifiwa kwa uaminifu kuliko wote ndiye atuhumiwe kwa kosa hili moja. Dalili zimo katika matini yenyewe, na aliyezipanda ni mwandishi. Hivyo ndivyo mtu asomavyo vizuri.

Walakini kuna dhana za namna nyingine, nazo zimekuwa nasi muda mrefu kabla ya televisheni. Ng'ambo ya bonde la Mkomazi, mkabala na milima yetu ya Upare, iko Usambara, na huko ndiko alikotawala Mbegha, shujaa wa Habari za Wakilindi. Kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, na kilianza kuchapwa mwishoni mwa karne ya 19. Mbegha alizaliwa Unguu, akaota meno ya juu kwanza. Alikuwa kigego. Desturi ya nchi nyingi za upande huu ilimhesabu mtoto wa namna hiyo kuwa nuksi, na aghalabu hakuachwa aishi. Wazazi wake walimwacha aishi. Walipokufa, jamaa walimnyima urithi, akafukuzwa, akaingia porini na mbwa wake. Alifika Usambara akiwinda nguruwe walioharibu mashamba, akagawa nyama, akaua simba, wenyeji wakampa utawala.

Katika kisa hiki nasaba haikufichwa. Baba anajulikana, mama anajulikana, na nchi aliyotoka inajulikana. Hata hivyo wamekuwapo waliowanasibisha Wakilindi na damu ya Uarabuni. Dalili yao ni ipi? Si ahadi wala waridi la buluu. Nionavyo mimi, dalili yao ni utawala wenyewe: mtu aliyeweza kuunganisha milima yote ile hawezi kuwa mtu wa Unguu tu, lazima awepo babu aliyeshuka chomboni. Dhana ya vijana wa Same ilitoka ndani ya kitabu. Hii iliingizwa kitabuni kwa nguvu, nayo inaondoa kile hasa kinachokifanya kisa kiwe kikubwa, kwamba watu walimchagua mgeni aliyekataliwa kwao kwa sababu aliwalisha na kuwaamua kwa haki.

Fumo Liongo naye hakusalimika. Muhammad Kijumwa alimtungia utenzi mwaka 1913, na Edward Steere alikuwa amekwisha kuchapa habari zake kwa nathari mwaka 1870. Simulizi zinataja ugomvi wa urithi kati yake na Mringwari, na kwa baadhi yake sababu ni daraja ya mama. Lakini wengi wetu, tukiulizwa asili ya Liongo, twakimbilia Uajemi.

Hapa msomaji wa visiwani ataniambia: ngoja kwanza. Katika habari za Kilwa alizozinukuu Mreno João de Barros katika karne ya 16, Ali ni mwana wa mfalme wa Shirazi aliyezaliwa na mama Mhabeshi, mtumwa. Ndugu zake wanamdharau kwa ajili ya mama huyo, anasafiri, anakinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo. Kisa ni kilekile cha Mbegha, nguo zikishika mahali pa nyama. Na mwaka 2023 wataalamu walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani na katika bara iliyo jirani. Kwa wengi wa wale wa pwani, asili ya upande wa baba ilielekea Asia, hasa Uajemi. Je, si kusema kwamba waliodhani walidhani sawa?

Walidhani sawa kwa nusu, na nusu hiyo siipingi. Uchunguzi uleule ulionesha kwamba kwa wengi wao sehemu iliyo kubwa kuliko nusu ya asili yao ni ya Afrika, na kwamba sehemu hiyo ilipitia hasa kwa akina mama. Hilo hatukuhitaji maabara kulijua, kwani lugha yenyewe ni shahidi. Ngeli zetu, vitenzi vyetu na maneno ya jikoni na ya kulelea mtoto ni ya Kibantu. Baba alileta majina ya siku na ya sala. Mama alimfundisha mtoto kusema. Lakini katika vitabu vya nasaba baba ana jina na jahazi, na mama, kama yule wa Ali, anatajwa ili tupate kujua kwa nini mwanawe alidharauliwa.

Ndipo nilipoona kwamba vijana wa banda la video walikuwa wametutangulia. Swali la Martin lilihusu mama. Aliyemjua mama ndiye aliyekielewa kitabu.

Kama mfasiri nilijaribu usiku ule kulipatia neno la Kiingereza, lile analoitwa Jon Snow, neno letu. La kamusi ni mwanaharamu. Neno hilo halinifai. Linabeba hukumu ya sheria na tusi la sokoni kwa pamoja, na linamtwika mtoto haramu asiyoitenda. Mwana wa nje ni laini zaidi, lakini linamweka mtoto barazani. Wahenga walikuwa na busara kuliko kamusi. Walisema kitanda hakizai haramu: aliyezaliwa ndani ya nyumba ni wa nyumba hiyo, na upelelezi ukome mlangoni. Eddard Stark alifanya zaidi ya hapo. Aliyachukua masingizio juu ya jina lake ili mtoto wa dada yake aishi. Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha riwaya, na dhana ya nasaba, hata ilipokuwa kweli, ilitufanya tukipite haraka tukikitazama kiti cha enzi.

Tamthilia yenyewe, pamoja na makosa mengi ya msimu wake wa mwisho, haikupotea katika jambo hili. Siri ilipofichuka, Jon hakuupata ufalme. Alimwua malkia aliyempenda, akarudishwa kaskazini kwenye theluji aliyopewa jina lake, na kiti kikaenda kwa mwingine. Watazamaji wengi walikasirika. Walitaka damu ilipe, nayo haikulipa.

Nina sababu yangu ya kuyaandika haya, na si haki kumficha msomaji. Mimi nililelewa na bibi huko milimani, na jina la baba sikuambiwa. Sikusoma sana shuleni. Arudhi nilijifunza katika nakala chakavu ya kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954, nikihesabu mizani kwa vidole nikichunga mbuzi. Nilipoanza kuchapisha mashairi, watu wa kwetu walisema: huyu baba yake ni mtu wa Pwani, vina hivi havioti Upare. Watu wa Pwani nao, kwa wema kabisa, waliniuliza ukoo wangu wa Tanga au wa Pangani. Nami, niseme kweli, niliipenda dhana hiyo. Katika ujana wangu niliwahi kuwaambia watu wawili watatu kwamba baba yangu alikuwa sharifu aliyepita Same na msafara wa biashara. Nilijitungia nasaba kama wanavyomtungia Mbegha.

Sikufikiri wakati ule kwamba kitabu kilichonifunza kiliandikwa na mtu wa Ujiji, kwenye ziwa, mbali na bahari kuliko Same. Wala sikufikiri juu ya bibi. Yeye hakujua kusoma. Lakini alikuwa akitwanga na kuimba kwa Chasu, na kila wimbo ulikuwa na kipimo chake. Ukikosea pigo la mchi alinyamaza, akaanza upya. Mizani yangu ya kwanza ilitoka kinuni. Mtu akitafuta dalili katika mashairi yangu ataikuta hiyo, wala hatamkuta sharifu.

Basi sisemi wasomaji waache kukisia. Fasihi isiyokisiwa imekufa. Nasema wakisie kwa dalili za ndani, na wajiulize kila mara dhana yao inamwondoa nani. Ikiwa ili kumpa shujaa baba mkubwa tunalazimika kumfuta mama, au mlezi, au nchi iliyompa chakula, dhana hiyo ina deni. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Gari la Mamba lilikuja usiku umeingia. Niliwaacha vijana wakiendelea kubishana, mmoja akishikilia kwamba Jon ni Stark, kwa kuwa Stark ndiye aliyemlea. Wenzake walimcheka. Mimi nilikuwa upande wake, lakini dereva alikuwa akipiga honi.