Sifa za Mchunguzi wa Miti

Ukinunua ubao wa msonobari hapa Chilinde, Lilongwe, utauliza bei, utaukagua kama umenyooka, kisha utamtafuta wa kuubeba. Ni nadra kuuliza nani aliulinda mti ule miaka yote uliyosimama shambani, pengine huko Chikangawa, katika milima ya Viphya. Aliyeupanda tunamshukuru, na aliyeupasua tumemlipa. Mimi namsifu wa tatu, ambaye sokoni hatajwi: mchunguzi wa wadudu na kuvu wa miti ya kupandwa.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mwaka 1986 kidukari wa saipresi aligunduliwa hapa Malawi, mara ya kwanza barani Afrika. Ni mdudu wa milimita chache, rangi ya hudhurungi, anayejibanza kwenye vitawi. Hahitaji dume: jike huzaa majike, nao huzaa wengine. Hufyonza utomvu, na mate yake huudhuru mti. Vitawi hukauka kimoja kimoja, na hatimaye mti mzima huweza kufa. Kufikia 1990 alikuwa ameingia Kenya. Hata mwerezi wa Mulanje, mti wa taifa wa Malawi ambao asili yake ni mlima ule tu, hakuuacha.

Wenye haraka wangependa dawa. Lakini nani atanyunyizia sumu milima mizima, penye vyanzo vya maji na nyuki? Mchunguzi huanza kwa kuuliza: huyu ni nani, kwao ni wapi, na huko kwao nani humla? Ndipo taasisi ya utafiti wa misitu ya Malawi, yenye makao yake Zomba, na wataalamu wa udhibiti wa kibayolojia kutoka nje wakamgeukia nyigu mdogo wa Ulaya, Pauesia juniperorum. Nyigu huyu hutaga yai ndani ya kidukari. Kiluwiluwi humla mwenyeji wake kutoka ndani, kisha nyigu mpya hutoboa ganda lililobaki na kuruka kwenda kutafuta wengine. Kabla ya kuachiwa msituni, katika miaka ya 1990, ilibidi afugwe kwa uangalizi mkali, maana anayeleta mgeni wa kutibu lazima ahakikishe hakuleta ugonjwa mwingine.

Hata hapo kazi haikwisha. Mwaka 1999 wataalamu walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba kidukari aliyevamia Afrika ni spishi ya peke yake, wakaiita Cinara cupressivora. Asili yake ni kati ya mashariki ya Ugiriki na kusini mwa Bahari ya Kaspi. Baada ya miaka kumi na mitatu ya vita, bado walikuwa radhi kumtazama adui upya. Uaminifu huo ndio ninaousifu zaidi.

Kwa kuvu, subira inayotakiwa ni kubwa zaidi. Kenya na Tanzania ziliwahi kuutegemea msonobari uitwao Pinus radiata, hadi ugonjwa wa Dothistroma ulipozichoma sindano zake kwa mistari myekundu na kuzipukutisha. Ikabidi uachwe, na nafasi yake ikachukuliwa na aina nyingine, hasa Pinus patula. Mchunguzi anayeona kuvu kwenye jani lililokufa haruhusiwi kusema papo hapo, "Huyu ndiye muuaji." Humtenga, humwotesha kwenye kisahani, humwambukiza mche mzima, hungoja dalili zilezile zitokee, kisha humtoa tena kwenye mche ule na kuhakikisha ni yeye. Laiti sisi tungekuwa waangalifu hivyo kabla ya kuwatuhumu watu.

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, ambako Kiswahili kimewakusanya Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na hapa Lilongwe, kuni, mkaa na nguzo ni mambo ya kila siku. Tunahimizwa kupanda miti, na ni vyema. Lakini mti uliopandwa usipotazamwa huweza kufa bila yeyote kujua sababu. Kijana anayegeuza jani la mkaratusi na kuuliza vile vinundu vya mshipani vimetoka wapi, tusimfukuze akachote maji kwanza. Tumpe lenzi, daftari, na mwalimu. Taaluma hii haidai nguvu za mwili wala ukoo mkubwa; inadai jicho lisilochoka na ulimi usiotangulia ushahidi, na hivyo viwili vinapatikana kambini kama vinavyopatikana chuoni.