Kibano cha pua ni kazi ya masikio

Machi 1858, miezi michache baada ya kuondoka Kazeh, makao ya wafanyabiashara wa Kiarabu yaliyozaa mji wa Tabora, mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alikuwa safarini kuvuka Ziwa Tanganyika. Usiku, akiwa hemani, mdudu akamwingia sikioni. Akamimina siagi iliyoyeyushwa, wapi! Akachokoa kwa ncha ya kisu. Mdudu alikufa, sikio likatunga usaha. Kwa miezi kadhaa, kila alipopenga kamasi, sikio lilipiga mluzi hata waliokuwa karibu wakacheka.

Mluzi ule unaeleza kazi ya kibano kuliko maelezo mengi ya dukani. Pua na sikio vimeunganishwa na mrija mwembamba. Ziba pua, fumba mdomo, sukuma pumzi taratibu: hewa hupanda masikioni na kukiegemeza kiwambo cha sikio kwa ndani. Kwa Speke kiwambo kilikuwa kimetoboka, hewa ikapita moja kwa moja. Mzamiaji anauhitaji mkandamizo huo kwa sababu katika mita 10 maji humkandamiza mara 2 ya hewa ya juu, na kiwambo kisichoegemezwa huuma, kisha hupasuka. Wengi hudhani kibano ni cha kuzuia maji tu. Kazi yake kubwa ni kuwa vidole vya ziada, mikono ibaki huru.

Wazamiaji wa lulu wa Ghuba ya Uajemi walilijua hilo karne nyingi zilizopita. Kibano chao, fitamu, kilitajwa na msafiri Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Alisema kilitengenezwa kwa gamba la kasa. Uteuzi huo ulikuwa wa kitaalamu kweli kweli: gamba la kasa aina ya ng'amba ni la asili moja na kucha, likipata moto hulainika, likipoa hushika umbo ulilolipa, na bado hunesa vya kutosha kubana bila kukata ngozi. Mzamiaji alishuka miguu mbele akivutwa na jiwe, kibano puani, kikapu shingoni. Chini, mikono yote 2 ilikuwa ya chaza.

Leo ng'amba aachwe baharini. Plastiki na chuma vinatosha. Ukinunua, kivae na usukume pumzi: kikivuja au kikiteleza, ni kilegevu. Kikikuumiza hapo hapo dukani, baharini kitakuumiza zaidi. Futa mafuta yote puani kabla ya kukivaa, maana hayo ndiyo hukiangusha. Kifunge kwa uzi shingoni. Ukitoka, kisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, kikauke kivulini. Ukiwa na mafua usizame, na sikio likianza kuuma panda juu. Kibano hakifungui mrija ulioziba. Wala usizame peke yako.

Walioivaa fitamu hawakuwa Waarabu peke yao. Watu waliosukumwa kwa miguu kutoka Unyanyembe, eneo la Tabora, hadi Bagamoyo waliuzwa Unguja, na baadhi ya waliouzwa Unguja walivushwa hadi Oman na Ghuba, ambako vijana wengi wa Kiafrika walitiwa katika kazi ya lulu na malipo yao yakachukuliwa na mabwana zao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Qatar ilifuta utumwa mwaka 1952.