Tchomia kwa jicho la setilaiti: ufa, mteremko na ukuta

Barabara inayotoka Bunia, nchini Kongo, kupitia Bogoro na Kasenyi hadi Tchomia inashuka zaidi ya mita 600 kabla ya kufika Ziwa Albert. Ukingo huo mkali ni ukuta wa tawi la magharibi la Bonde la Ufa, na matetemeko ndiyo yaliyouinua kwa mamilioni ya miaka. Tarehe 20 Machi 1966, tetemeko la ukubwa wa 6.8 hivi lilipiga kusini mwa ziwa hilo, mpakani mwa Uganda na Kongo, likaua watu wapatao 160. Tangu siku hiyo Bunia imepanuka sana, hasa kwa familia zilizokimbia vita vya eneo la Djugu.

Wataalamu wanaotaka kuipima hatari hii ya tetemeko kutoka angani hukimbilia kwanza rada. Setilaiti za Sentinel-1 za Ulaya, zilizoanza kurushwa mwaka 2014, hupiga picha mahali pale pale kwa siku tofauti, kisha picha mbili hulinganishwa. Kila mzunguko wa rangi kwenye ramani ni mwendo wa sentimita 2.8 hivi. Mjini Goma, Mei 2021, njia hii ilifanya kazi kubwa: baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, rangi zilionyesha ardhi ikifunguka chini ya mji, magma ikijipenyeza kuelekea Ziwa Kivu.

Tchomia si Goma. Huku bonde linapanuka kwa milimita chache tu kwa mwaka, na miteremko yenye majani huvuruga mawimbi mafupi ya rada. Ramani hutoka tulivu, na mtu akiusoma utulivu huo kama usalama, amekosea vibaya. Ufa uliokwama hautembei, unakusanya nguvu.

Kwa maoni yangu, data ya zamani zaidi ndiyo yenye faida kubwa hapa. Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilipima kwa rada kimo cha sehemu kubwa ya dunia kwa siku 11. Kwenye data hiyo ufa unafuatika kwa jicho: mguu wa mlima ulionyooka, na vijito vinavyokatwa ghafla pale vinapofika tambarare.

Mwaka 2007 watafiti Wald na Allen walionyesha kwamba mteremko wenyewe unaweza kutumika kukisia ulaini wa udongo. Penye mwinuko mkali pana mwamba. Penye tambarare pana mchanga na tope, na tope hukuza mtikisiko. Kwa Tchomia kanuni hii inafaa, maana mji umekaa juu ya mashapo ya ziwa na mito. Kule juu, Bunia, inaweza kupotosha: nyanda zile ni mawe ya kale yaliyolika hadi yakawa tambarare kwa sura, na kompyuta huweza kuyahesabu kama tope. Dawa yake ni kuweka kipimo kidogo cha mtikisiko ardhini, mtaa kwa mtaa, na kusikiliza mitetemo midogo ambayo ardhi huwa nayo kila wakati.

Kisha majengo. Siku hizi programu huchora paa moja moja kutoka kwenye picha, na kuhesabu nyumba si kazi tena. Hatari iko katika kuzisoma. Bati linalong'aa huchukuliwa kuwa nyumba imara, nyasi kuwa nyumba dhaifu. Lakini nyumba ya miti na udongo hupinda na kupasuka kidogo kidogo, na paa lake la nyasi ni jepesi. Ya bati huenda ina kuta za matofali ya kuchoma yaliyolazwa kwa udongo badala ya saruji, bila mkanda wa zege juu ya madirisha. Ile pembetatu ya ukuta chini ya paa, isiyofungwa na chochote, ndiyo huanguka kwanza. Mji wa Bukoba ulishuhudia kuta kama hizo zikianguka tarehe 10 Septemba 2016, katika tetemeko la ukubwa wa 5.9 tu.

Kwa hiyo baada ya ramani lazima watu watembee Tchomia na Bunia, wachague nyumba kadhaa katika kila mtaa, waukwangue ukuta kidogo waone kilichoshika matofali, na waandike. Shule zitangulie: zina kuta ndefu zisizo na nguzo katikati, na watoto wamo humo tangu asubuhi.