Kuisoma Suti ya Kufuma

Mhakiki wa pwani hapati tabu kuisoma kanga. Ina pindo, ina mji, na ina jina lililopigwa chapa, ambalo huweza kuwa wasia, kijembe au ungamo la mapenzi. Tabu humpata mbele ya vazi lisilo na neno hata moja. Katika soko la mitumba la Mlango Mmoja, jijini Mwanza, suti ya kike iliyofumwa kwa sindano za mkono ikitoka robotani huangukia rundo moja na sweta la kiwandani, na bei ikaitwa kwa pamoja. Rundo hilo ni hukumu ya kisanaa, ingawa muuzaji hakukusudia kuhukumu; nayo ina kasoro.

Suti ya kushona huanza na kitambaa kilichokwisha kuwa kitambaa. Mkasi hukikata, fundi akakiunga. Suti ya kufuma haina kitambaa kabla ya umbo. Vyote viwili huzaliwa pamoja, kitanzi baada ya kitanzi: viwili hufanywa kimoja pale kiuno kinapotakiwa kubana, na vingine huongezwa nyonga inapotanuka. Ndiyo maana mapande yake, yakitazamwa kwa ndani, yana kingo zisizoguswa na mkasi. Wahakiki waliozoea kutenga fani na maudhui wana la kujifunza hapa. Mtunzi mahiri naye hamalizi maana kwanza ndipo aitafutie vina na mizani.

Mwanza si mgeni wa kazi ya uzi. Wavuvi wa ziwa wanaujua wavu, ambao macho yake yamefungwa kwa mafundo. Ukikatika hapa, kwingine hushika. Kitanzi cha sindano hakina fundo, na uzi ukikatika safu nzima huweza kuachia. Lakini udhaifu huo ndio uliolipa vazi hili maisha marefu: hufumuliwa, uzi ukaoshwa, ukafumwa upya. Uingereza, nguo zilipogawiwa kwa kuponi kuanzia 1941 hadi 1949, wanawake walihimizwa kufumua masweta makuukuu ili wapate uzi. Suti ya miaka hiyo yaweza basi kuwa imeficha ndani yake vazi jingine lililoitangulia.

Sifa hizo zisimfumbe mhakiki macho. Sufu ni nzito, na joto la Mwanza haliionei huruma. Sketi iliyofumwa kwa mkono uliolegea huvutwa na uzito wake, pindo likashuka, nayo ikatuna makalioni. Suti bora ni ile ambayo mfumaji wake aliuona uzito huo mapema, akaikaza kazi yake tangu safu ya kwanza.

Nchi ya pamba, iliyopata kiwanda cha Mwatex katika miaka ya 1960, leo huvaa sana kutoka marobotani. Jicho likizoea kupima nguo kwa rundo, halitawaona hata wanawake wa ziwani wanaofuma masweta ya watoto na vitambaa vya makochi. Kazi yao huitwa kazi ya mikono, nao hawaitwi wasanii. Unguja, mjuzi wa kofia ya viua huigeuza kwanza, atazame kwa ndani kama vitundu vimelingana, ndipo ataje bei. Jicho hilo linafaa kuvushwa bahari na kufikishwa ziwani, lianze na suti ya mgeni asiyejulikana, kisha liwatazame wafumaji walio hai.