Ndege Gani?

Nilikuwa na miaka tisa hivi, na manati yangu ilikuwa mpya. Nilirudi nyumbani na ndege mdogo kiganjani, mdomo wake mwembamba umepinda kama sindano ya kushonea magunia, kifua chake kinameta rangi ambayo ukiigeuza kidogo inakuwa nyingine. Babu, ambaye alikuwa mgema, alikuwa ndiyo kwanza ameteremka mnazini na kibuyu chake. Nilitarajia sifa. Akaniuliza, "Gani?"

"Ndege, babu."

"Kwamba ni ndege nimeona. Ndege gani?"

Sikuwa na jibu. Akamchukua, akamlaza kwenye kiganja chake chenye sugu, akamtazama kwa muda, kisha akasema, "Huyu ni chozi." Kwa kuwa macho yangu yalikuwa yameanza kulengalenga, nilidhani ananisema mimi. Ilipita siku nzima kabla sijaelewa kwamba hilo ndilo jina la ndege.

Lugha yetu ina mikoba miwili mikubwa, ndege na mdudu. Ndani ya ndege yumo chozi, yumo tai, imo na ile inayotua uwanjani Malindi. Na wazee walilitumia neno hilohilo kwa ishara ya heri au ya shari, ndege mwema na ndege mbaya. Mkoba wa mdudu ni mkubwa zaidi. Humo nyuki yuko pamoja na nge, minyoo na kile kisichoonekana kinacholeta homa. Mtu anaweza kuishi umri wake wote kwa maneno hayo mawili na asipungukiwe na chakula wala usingizi. Sanaa ninayoisifu hapa huanza siku anapohisi kwamba hayamtoshi.

Kuianza hakuhitaji safari. Ninaishi Gede, kaunti ya Kilifi, na nyuma ya nyumba yangu kuna mwembe, mndimu, mikorosho miwili na minazi michache. Mndimu ndio darasa la kwanza. Juu ya jani changa utaona kitu kama kinyesi cha ndege, cheusi chenye doa jeupe. Usipite. Rudi kesho, utakuta kinyesi kimehamia jani jingine. Ni kiwavi wa kipepeo wa michungwa, aliyejivika uchafu ili ndege wasimtamani. Akikua analivua vazi hilo na kuwa kijani kama jani analolila, na ukimgusa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye harufu kali. Wenye mashamba ya machungwa humwona adui, nao wana haki yao. Mimi mndimu wangu ni mmoja, na majani yanatutosha sote.

Mwembeni wapo majimoto. Kila aliyewahi kupanda mwembe anawajua kwa ngozi. Kuwajua kwa macho ni kazi nyingine. Ukikaa karibu bila kutikisa tawi, utawaona wamejipanga ukingoni mwa jani, wakilivuta kulielekea jani la pili, na pale mwanya ulipo mpana wameshikana viuno wakawa mnyororo. Kisha anakuja mmoja amebeba mtoto wao mdomoni, funza mweupe, anampitisha huku na huku kati ya kingo hizo mbili. Mtoto anatoa uzi wa hariri, na majani yanashonwa. Mkubwa ni fundi, mtoto ndiye cherehani. Mkulima wa nazi ana sababu ya kuwavumilia, kwani huwawinda kunguni wanaofyonza vidaka mpaka vianguke kabla ya wakati.

Vunjajungu tulionywa tusimguse: atakayemshika, chombo cha kwanza atakachokishika baadaye kitavunjika. Nimewashika wengi. Vikombe nimevunja, lakini huo ni uzembe wangu wa zamani. Nilichokipata badala ya laana ni somo la subira. Nimewahi kukaa nusu saa mbele ya mmoja, mikono yake ameikunja kifuani, hatikisiki ila kichwa, ambacho alikigeuza kunifuata kila niliposogea. Kati ya wadudu wote wa shamba langu, ndiye pekee anayenipa hisia kwamba na yeye ananiuliza: gani?

Kwa ndege, sikio hutangulia. Shorewanda wakianza kupiga kelele mahali pamoja, wengi kwa wakati mmoja, wanarukaruka bila kuondoka, sihitaji darubini. Nakwenda taratibu nikitazama ndani ya majani, na mara nyingi nyoka aitwaye ukukwi yumo, kijani juu ya kijani, amenyooka kama kitawi. Dudumizi simwoni mara kwa mara, maana hupenda vichaka, lakini namsikia akishusha sauti yake kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa. Babu alikuwa akimsikia anatazama mawingu kutafuta dalili ya mvua. Hakuwa akipatia kila siku, ila alikuwa akitazama kila siku.

Kisha ipo minazi, na wakazi wake, yaani mnana. Nilikuwa nikiwaita "wale wa manjano" mpaka nilipoambiwa nitazame jicho. Pwani hii wapo mnana wawili wa manjano wanaofanana kama shilingi kwa ya pili. Mmoja ana jicho jeusi, naye ndiye anayependa minazi. Mwingine jicho lake lina wekundu. Tofauti yote ya kwanza imo ndani ya nukta isiyozidi punje ya uwele. Siku nilipoiona, kelele za mnazini, ambazo kwa miaka zilikuwa kelele tu, zikawa majirani.

Kuna siku katika mwaka ninayoingojea kuliko zote. Ni pale kaskazi inapoanza kuvuma, mvua za vuli zimeacha madimbwi, na ghafla hewa ya juu ya uwanja imejaa kerengende. Jina lenyewe linadai swali la babu, kwani kuna kerengende ndege, wa jamii ya kwale, na kerengende huyu mdudu wa mabawa manne. Namsema wa pili, tena yule wa rangi ya dhahabu iliyofifia, ambaye mabawa yake yakitandazwa hufika sentimita 8 hivi. Charles Anderson, mwanabiolojia aliyeishi Maldivi, aliwaona kila mwaka wakifika visiwani humo ambako hakuna mito ya kuwazaa. Mwaka 2009 alichapisha hoja yake: wanatoka India, wanapanda upepo, na wanavuka Bahari ya Hindi mpaka Afrika Mashariki. Watoto wao hukua upesi katika madimbwi ya mvua kabla hayajakauka. Babu zetu walijua majahazi yaliyokuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Sikujua kwamba juu ya milingoti yake kulikuwa na abiria wengine wenye ratiba hiyohiyo.

Wapo majirani zangu waliogeuza jicho hili kuwa riziki. Tangu 1993, hapa Gede, Mradi wa Kipepeo umekuwa ukinunua pupa za vipepeo kutoka kwa wakulima wa kandokando ya msitu na kuziuza nje, kwenye nyumba za maonyesho. Mfugaji wa vipepeo hawezi kusema "kiwavi" akanyamaza. Lazima ajue ni kiwavi gani, anakula mti gani, kwa sababu wengi wao wako radhi wafe njaa kuliko kula jani lisilo lao. Nimekutana na mama mmoja njiani aliyenionyesha yai moja chini ya jani ambalo mimi nilikuwa nimeligeuza na kusema halina kitu.

Msitu wenyewe, Arabuko-Sokoke, una kilomita za mraba 420 hivi, na ni mahali pa kujifunza adabu za kutembea. Ingia alfajiri. Vaa nguo zisizopiga kelele. Ukimwona ndege, usimwondolee jicho ili kuitafuta darubini. Jicho libaki kwake, mikono ndiyo iilete darubini usoni. Na usimame zaidi kuliko unavyotembea. Katika upande wa udongo mwekundu, ambako miti ni mifupi na vichaka vimesongamana, mwongozaji mmoja aliwahi kuninyooshea kidole kwa dakika tano nzima nikitazama majani makavu. Kisha jani moja likafumbua jicho. Alikuwa bundi wa Sokoke, kimo chake sentimita 16 hivi, mrefu kidogo tu kuliko kalamu. Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza 1966. Nimekulia katika nyumba ambamo bundi akilia usiku mtu huamka akahesabu wagonjwa wa ukoo. Lakini huyu, mdogo, amesinzia mchana ubavuni mwa mwenzake, hakuwa na habari ya mtu yeyote. Ndege mbaya anahitaji giza na jina la jumla. Akishakuwa bundi gani, anakaa wapi na anakula nini, hana nafasi ya kubeba misiba yetu.

Nisije nikajisifu kupita kiasi. Katika upande wa msitu wenye mchanga mweupe, penye miti ya mirihi, anaishi mnana ambaye duniani kote hupatikana katika kaunti yetu ya Kilifi tu. Aliandikwa na wataalamu mwaka 1913, na kiota chake hakikuonekana mpaka 2013, katika ardhi ya majimaji ya msimu huko Dakatcha. Kwa miaka mia moja ndege ana jina na hakuna anayeweza kusema anataga wapi. Asubuhi moja nilimwona mrihini, mweusi juu, manjano chini. Nikaandika jina lake daftarini kwa herufi kubwa na kulipigia mstari. Njiani kurudi nilimsimulia yule mwongozaji, naye akaniuliza kwa upole, "Bawani alikuwa na michirizi ya manjano?" Maana msitu huohuo una mnana mwingine, mweusi juu na manjano chini, ambaye bawa lake halina michirizi hiyo, na wa namna hiyo si adimu.

Sikuwa nimeliangalia bawa. Nilikuwa nimemwona niliyetaka kumwona.

Manati niliiacha zamani, lakini asubuhi ile nilijiona nimebeba tena ndege kiganjani nikitarajia sifa. Nilipofika nyumbani nilifungua daftari, nikafuta lile jina kwa kifutio mpaka karatasi ikawa nyembamba. Mahali pake nikaandika nilichokiona na kile ambacho sikukiona: "Mnana. Mrihini, saa moja asubuhi. Mweusi juu, manjano chini. Bawa sikuangalia. Gani?"

Kesho saa kumi na mbili nitakuwa chini ya mrihi uleule.